Nilisema Sina Mtu Nairobi

Shela,
S.L.P. 218,
Malindi.

9 Novemba, 1986

Mpendwa mdogo wangu Zuleikha,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako sijaisikia tangu Julai, lakini marahaba naitanguliza, huku nikijua kwamba safari hii mimi ndiye ninayefaa kukushika wewe miguu. U hali gani? Kifua kimepoa na baridi ya huko? Shemeji Muhdhar je, na Kabibi, meno ya mbele yameshaota? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Shemeji yako Mahadhi analalamikia goti, kuku wawili wameliwa na kicheche, na mvua za vuli zimerudi kuvujisha paa palepale palipovuja mwaka jana. Mengine ni uzima.

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Kila nikimaliza salamu, mkono unagoma. Leo nimemtuma Khamisa kwa jirani ili nisimwone usoni, nikajifungia chumbani, na nitaandika mpaka mwisho hata kama haya itaniua.

Unakumbuka nilipokuja kwenu mwaka juzi kutibiwa macho. Ulinilaza kitandani, ukaniambia Muhdhar ana zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Nikala, nikalala, nikakoroma bila wasiwasi. Siku ya kuondoka Kabibi akaniuliza, "Mama mkubwa, leo baba atarudi kulala? Maana wewe umelala mahali pake." Kumbe hakukuwa na zamu yoyote. Shemeji alikuwa akifanya kazi mchana na kulala juu ya magunia ya unga usiku, wiki nzima, ili mimi ninyooshe mgongo. Sikukwambia kwamba nimejua. Nilipanda basi nikalia mpaka Voi, nikaapa kwamba sitawatia tena katika dhiki ile.

Ndiyo maana Khamisa alipoitwa kwenye mtihani wa kuingia chuo cha ukarani, pamoja na shoga yake Mapenzi, binti Tsuma wa Jilore, sikukuandikia. Wasichana wawili wa miaka kumi na saba ambao hawajawahi kuipita Mombasa, nikajisemea nitawatafutia pa kulala mwenyewe. Karani wa basi akanitajia gesti moja karibu na steji, akaisifu kwa bei. Mahadhi akacheka. Aliwahi kulala hapo, na anasema mlango wake hufungwa kwa kuegemezwa kiti. Mwalimu wao mmoja akataja mjane anayepangisha vitanda nyumbani kwake, lakini nilipouliza kama mjane huyo ana watoto wa kiume wakubwa, akasema wanne. Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Mwishowe baba yake Mapenzi akanijulisha kwa Bi Zipporah. Yeye ni mtu wa Vitengeni, na huko Nairobi ndiye msimamizi wa hosteli ya wasichana ya akina mama wa kanisa. Alikuwa nyumbani kwa likizo, akaja kwangu siku ya soko. Zuleikha, nilimpenda. Geti lao linafungwa magharibi. Mgeni wa kiume haingii ndani, anakomea kwenye benchi la barazani. Msichana anakuja na shuka zake, sahani na kikombe, na asubuhi wanapewa uji. Aliniapia kwamba hakuna atakayemzuia mwanangu kuswali. Na bei ni ndogo, kwa sababu vitanda vile vimewekwa kwa wasichana wasio na jamaa mjini. Akanywa kahawa, akajipangusa midomo, akaniuliza, "Na nyinyi Nairobi muna mtu?"

Nikamjibu, "Hatuna mtu."

Nilisema hivyo nimeketi chini ya picha yako ya harusi. Umetundikwa pale ukutani na hina mpaka viwikoni, unamtazama mgeni, nami nakukana. Sikubabaika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kisha nikamfundisha Khamisa naye aseme hivyohivyo, tena asipite njia za Majengo mnakokaa. Mtoto akaniuliza kama umetukosea. Nikamwambia hapana, wewe fanya nilivyokwambia.

Yaliyofuata wayajua kuliko mimi. Homa ilipomshika Khamisa kule hosteli, Bi Zipporah alimuuliza tena na tena kama kweli hana wake mjini, naye, meno yakigongana, akashikilia neno nililompa. Mwanangu angeweza kufa kwa kuutii uongo wangu, nawe uko mwendo mfupi tu kutoka pale. Ni Mapenzi, ambaye si damu yetu, aliyevunja amri yangu na kuulizia Majengo nzima nyumba ya Muhdhar wa mikate mpaka akakupata.

Khamisa amenisimulia yote, nami nimemtaka anisimulie mara ya pili, nijitie adabu. Ulikuja na chupa ya uji wa pilipili manga umeifunga kwa leso. Ulimkanda, ukampeleka zahanati, ukarudi naye. Bi Zipporah akakwambia, mbele ya wasichana wote, kwamba mamake alisema hawana mtu Nairobi. Wote wakakutazama. Nawe ukasema, "Dada yangu amesahau. Ana mambo mengi."

Zuleikha, lolote jingine ungelisema ningelistahili. Ungenitukana ningepata pa kujitetea. Nilikukana, ukanisitiri mbele ya watu usiowajua. Kisha alipopona ukampakia basi na mikate ya Muhdhar, eti tusikose cha asubuhi. Ilifika imekauka. Mahadhi aliichovya kwenye chai akaila yote, hata fungu langu nililomsukumia.

Nilijidanganya kwamba nawahurumia. Huruma ilikuwepo, sikatai, lakini kiburi kilikuwepo pia, kiburi cha dada mkubwa asiyetaka kupokea kitu ambacho hawezi kukirudisha. Nilisahau tulivyoteremka hapa Malindi na marehemu mama, tumekimbia vurugu za kwetu kaskazini, tukapokewa na watu wenye chumba kimoja. Mimi na wewe tulilala kitanda cha kamba, mzungu wa nne, nyayo zako usoni mwangu na zangu usoni mwako. Sikukusikia hata siku moja ukisema nafasi haitoshi. Mimi ndiye niliyekuwa nikikusukuma.

Sasa habari yenyewe. Wote wawili wamefaulu. Masomo yanaanza Januari na chuo hakina mabweni. Wiki iliyopita Bi Zipporah alinitumia ujumbe kwa mkono wa Tsuma. Anauliza yule mama aliyekuja na uji ni ndugu yangu hasa, au ni wa kuitana tu dada kwa kuwa tunatoka mji mmoja. Kama ni wa kuitana tu, kitanda cha Khamisa kipo, mwaka mzima, kwa bei ileile.

Mahadhi akaniambia, "Sema ni wa kuitana tu, nani ataumia?" Hakusema kwa ubaya, alikuwa akiliwaza geti lile linalofungwa magharibi. Nami nilitamani, sikufichi. Nililala na jibu hilo mdomoni.

Juzi nikapanga foleni posta, nikapiga simu. Laini ilikuwa mbovu, Bi Zipporah hanisikii, ikabidi nipige ukelele: "Ni ndugu yangu! Tumbo moja, ziwa moja! Tuna mtu Nairobi!" Posta nzima ikageuka. Mzee mmoja aliyekuwa akinunua stempu akaniambia hongera. Jasho lilinitiririka chini ya buibui, lakini neno lilishatoka na watu wamelisikia. Bi Zipporah akasema amefurahi, na kwamba kitanda kile basi atapewa msichana mwingine ambaye kweli hana mtu. Mapenzi atabaki na chake, na ni haki yake.

Kwa hivyo Khamisa hana pa kulala. Mlango ule nimeufunga mimi, wala sikuufunga ili nikubane wewe. Ukiona chumba hakitoshi, niandikie hivyo waziwazi. Mtoto atakaa nyumbani apike maandazi nami, kosa litakuwa langu, na wewe sitakulaumu hata moyoni.

Lakini ukikubali, nina sharti moja, maana ukubwa sijavuliwa bado. Muhdhar asitoke kitandani kwake hata usiku mmoja. Khamisa atalala chini na Kabibi, kwenye godoro nitakalolileta mwenyewe juu ya basi, na safari hii usinitungie zamu. Nitamleta mimi, nikuombe radhi uso kwa uso, ingawa uso wenyewe sijui nitautoa wapi. Nami usiku huo nilaze palepale chini, mzungu wa nne na mwanangu.

Mpe salamu shemeji Muhdhar. Mwambie nimejua habari ya magunia ya unga, na Mungu ampumzishe mgongo wake. Mbusu Kabibi, mwambie alisema kweli. Khamisa anakushikia miguu, anasema uji wako aliutapika mara moja tu. Mahadhi anakusalimu na anadai mikate ilikuwa laini. Mola akukunjulie nyumba yako kama alivyokukunjulia moyo, akulinde wewe na wako, na akulipe kila ulilonisitiri. Amin.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye ana mtu Nairobi,

Mwanasiti