Mtoto kwa Mtoto

6 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama na ni mzima wa afya. Hofu ni kwako, kwa kaka, na kwa huyo dada mpya mliyempokea. Miguu ilivimba kwenye ndege mpaka viatu vikagoma kuingia, lakini sasa imepungua.

Ninalala chumbani kwa huyo dada tuliyebadilishana naye kwa mwaka wa shule, kama yeye anavyolala chumbani kwangu. Picha zake ziko ukutani, masweta yake kabatini. Nimevaa moja tayari, maana mama yake alinifuata nalo nyumba nzima kama anayemkimbiza mtoto asiyetaka kuoga. Huyu mama anapiga pasi mashuka ya hoteli. Baba ni fundi wa lifti, na anaongea kama mtu anayelipia kila neno. Mtoto wao ni huyo mmoja tu, kwa hiyo nyumba iko kimya mpaka naisikia friji ikiguna.

Mama, huku watu hawasalimiani! Siku ya kwanza nilimsalimia kila niliyepishana naye kwenye ngazi. Mmoja aligeuka nyuma kuangalia nasema na nani. Mwingine alidhani nauza kitu. Mgeni kweli ni kuku mweupe. Mezani nako kila mtu anajipakulia, na hakuna anayekwambia "ongeza". Siku mbili nililala na njaa nikingoja kubembelezwa.

Mama mwenyeji ananiuliza kila jioni: binti yangu anakula? Analala? Niandikie upesi nipate la kumjibu.

Mwanao,
Kasuku


25 Septemba

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa kwenye cherehani, nikashona mkono wa gauni la mwalimu mahali pa shingo. Sisi hatujambo, ila goti langu ndilo lile lile.

Mwambie mama mwenzangu kwamba mtoto anakula, na anaongeza. Hapo mwanzo alikuwa akishukuru kila kitu: maji, kiti, mvua. Juzi kuku alimpisha njia naye akamwambia asante. Basi mtaa mzima sasa unamwita Asante, na anaitika. Ananisaidia kushona vifungo. Anavikaza hivi kwamba nguo itachanika, kifungo kibaki.

Kaka yako anampeleka shule kila asubuhi kabla hajaanza kutafuta abiria. Kofia ya pikipiki ni moja, na nimesema ni ya mgeni. Kaka yako alinuna kidogo, eti huyu binti hawezi kupanda kitu bila kuimba. Siku hizi wakiondoka nasikia sauti mbili.

Nawe jipakulie. Tangu baba yenu atutoke nimewalea ninyi wawili msione haya mbele ya chakula; usiniaibishe ughaibuni.

Mama yako


17 Oktoba

Mama mpenzi,

Shikamoo, na pole ya goti. Mimi naendelea vizuri, ila ngozi imekauka, nikijikuna naweza kuandika jina langu mguuni.

Tumesafiri kwa treni kwenda kumwona bibi wa upande wa baba. Treni inaondoka kwa saa yake hata kama inakuona na wewe unaiona ikikuacha. Nilipoingia behewani nilisalimia, mazoea yana taabu. Watu wote walizama kwenye magazeti, isipokuwa mzee mmoja aliyevua kofia, akaitika vizuri sana, kisha akahamia kiti cha mbali. Baba mwenyeji alicheka. Sikujua kama ana meno mengi vile.

Njiani nilitazama mashamba yaliyonyooka kama kitambaa chako kabla hujakikata, na hakuna mtu ndani yake. Saa nzima, hakuna mtu! Nikajiuliza nani anafukuza ndege.

Kwa bibi kulikuwa na kitanda kimoja cha ziada, nikalala na mama mwenyeji. Gizani akaniambia, "Mimi na binti yangu tuligombana wiki ile aliyoondoka. Sikutaka aende mbali hivyo." Nikamwambia huko kwetu yuko nyumbani. Akanifunika blanketi mpaka puani.

Mwanao,
Kasuku


2 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Sote ni wazima, hata goti limenionea huruma.

Asante amekuwa mwenyeji. Jana sokoni aliambiwa bei ya nyanya, akashika kiuno, akasema, "Mama, unataka kuniua?" Wauzaji walicheka mpaka wakamwongeza mbili. Mwambie mama yake hilo, amjue mtoto aliyemzaa.

Kwa muda mrefu amekuwa akililia kwenda kuona maporomoko ya maji kule milimani. Jumamosi ijayo kaka yako hana kazi, atampeleka. Nitawafungia mkate na mayai. Nimewaambia warudi kabla jua halijazama, na kaka yako ameniitikia ile "ndiyo mama" yake ya kunipitisha.

Jifunike vizuri.

Mama yako


9 Novemba

Mama,

Shikamoo. Nashindwa kuuliza hali.

Simu ililia asubuhi tukiwa mezani. Baba mwenyeji aliipokea. Alisikiliza, halafu akaiweka mezani badala ya kuirudisha mahali pake, na sauti ikaendelea kusema humo ndani. Mama mwenyeji alikuwa ameshika kisu cha mkate. Akasema, "Nani?" Baba akalitaja jina la binti yao. Mama, ile sauti aliyoitoa sijui niiandike vipi.

Wameniambia ni pikipiki. Hawajui zaidi ya hapo. Pikipiki ya nani? Alikuwa anaendesha nani? Kaka yuko wapi? Sina wa kumuuliza humu ndani. Majirani wa ngazini, wale wasiosalimia, wamejaa sebuleni, nami najificha chumbani kwake, kwenye kitanda chake. Sijui nijifiche wapi kwingine.

Niandikie.

Mwanao


14 Novemba

Mwanangu,

Usiniamkie, sistahili. Kama u mzima, namshukuru Mungu.

Ilikuwa wakati wa kurudi, kwenye kona zile za mlimani. Lori la mchanga lilikuja mbele yao, pikipiki ikatoka barabarani ikaenda mtaroni. Kofia Asante alikuwa ameivaa, mwanangu, nilimfunga mkanda mwenyewe. Haikusaidia. Alikufa palepale. Tulimwosha mimi na majirani, na watu wake wa ubalozi wakaja kumchukua. Soko lilifungwa.

Kaka yako amevunjika mguu. Polisi walimtoa hospitali na plasta, wakamweka rumande. Dereva wa lori ana lake, polisi wana lao, naye kaka yako tangu siku hiyo hajafungua kinywa. Mimi namjua mwanangu, si mtu wa mbio.

Mpelelezi ameniambia wazazi wa marehemu wakiandika kwamba hawana kinyongo naye, atapata dhamana, na hukumu inaweza kulegea. Najua ninachokuomba. Lakini wewe ndiye uliye ndani ya nyumba yao. Waombe, mwanangu.

Mama yako


1 Desemba

Mama,

Shikamoo. Pole, pole sana. Nampa kaka pole kupitia kwako.

Tumezika. Siku hiyo niliosha vikombe tangu asubuhi ili mikono iwe na kazi. Shangazi mmoja aliuliza, "Na huyu ni nani?" Baba mwenyeji akasema, "Ni yule tuliyebadilishana." Shangazi akaniangalia kama mtu anayepima, kisha akatazama pembeni.

Halafu, siku tatu baada ya mazishi, barua yako ya mwanzoni mwa Novemba ndiyo ikafika. Mama mwenyeji aliipokea mlangoni. Akaitambua hati yako, akakaa, akasema, "Nisomee." Nikamwambia ni ya zamani. "Ndiyo maana," akasema. Ikabidi niisome huku natafsiri. Nilipofika kwenye nyanya alicheka, Mama, alicheka kweli, akarudia: "Unataka kuniua?" Nikataka kuishia hapo. Akasema, "Bado kuna mistari." Nikamsomea Jumamosi, maporomoko, mkate na mayai. Akauliza mayai yalikuwa mangapi.

Barua yako ya pili imekuja juzi. Nimeifungua msalani. Mama, siwezi. Nawezaje kuuendea mdomo ule uliocheka hivyo na kuuomba kitu? Jana alinipikia uji kwa sababu nilikohoa. Mtu wa namna hii namwombaje?

Mwanao


22 Desemba

Mwanangu,

Mguu wa kaka yako umeoza ndani ya plasta. Nilipomwona nilimjua kwa masikio yake tu. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa huwezi kunyamaza hata kanisani, na leo, siku ninayohitaji mdomo wako, umeufunga.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yule mama ataelewa kuliko wewe. Nenda kwake.

Mama yako


11 Januari

Mama,

Shikamoo. Natumaini kaka amefikishwa hospitali. Mimi ni mzima.

Nimemwomba. Nilimkuta anapiga pasi. Ameacha kazi hotelini, lakini hapa nyumbani anapiga pasi kila kitu, hata taulo, hata soksi. Nilipiga magoti. Akasema, "Inuka, huku hatufanyi hivyo, nashindwa kukuona." Nikainuka nikayasema yote kwa pumzi moja.

Akaendelea na pasi. "Alikuwa amelewa?"

"Hapana. Hanywi."

"Alikuwa anakimbiza?"

"Mama anasema hapana."

"Mama anasema." Akaizima pasi. Kisha akasema, "Mama yako ana watoto wawili. Leo wote wawili wako mikononi mwangu. Unajua usiku nawaza nini? Nawaza mambo ambayo nikikwambia hutalala tena katika nyumba hii. Sitaki kuwa na nguvu hiyo. Lete karatasi."

Ameandika, baba naye ametia saini bila kusoma. Nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Ila ameomba kitu kimoja. Kaka ndiye mtu wa mwisho kuwa na binti yake. Anataka kujua alikuwaje njiani, alisema nini. "Mimi mara ya mwisho nilimwona akiwa amenikasirikia," akasema. "Nataka kumwona mara nyingine, hata kama ni kwa macho ya kaka yako."

Mwanao,
Kasuku


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie yule mama kwamba barua yake niliibusu kabla ya kuipeleka. Kaka yako ametoka kwa dhamana. Mguu wameukata chini ya goti. Amejifunza magongo haraka. Hukumu ni mwishoni mwa mwezi ujao.

Nilimuuliza swali la yule mama. Siku nyingi alinitazama tu. Jana nikiwa nakata kitambaa akaanza mwenyewe, bila kuulizwa. Amesema walichelewa kwa sababu Asante hakutaka kutoka kwenye maji. Wakati wa kurudi jua lilikuwa linazama, kaka yako akaukumbuka mdomo wangu, akakazana. Kule konani Asante alimpiga begani mara mbili, akamwambia, "Polepole, kaka." Yeye alidhani ni utani. Alicheka, akaongeza mwendo. Lori likatokea.

Mkasi uliniponyoka. Mimi ndiye niliyewaambia warudi kabla ya jua kuzama. Mimi ndiye niliyekuambia si mtu wa mbio.

Nilikuwa nimeshaamua nitakavyokuandikia: mwambie alikuwa anaimba. Ni uongo mdogo, na utamtuliza mama wa watu. Hukumu bado, na barua yake anaweza kuiondoa. Lakini kaka yako anasema, mwambie kama ilivyo, hata wanirudishe ndani. Mimi nasema usimwambie. Basi una wakubwa wawili. Chagua wa kumsikiliza, nami sitakulaani.

Mama yako


9 Machi

Mama,

Shikamoo. Kidonda cha kaka kinaendeleaje? Mimi nakula, nalala kidogo.

Nisamehe. Nimemsikiliza kaka.

Niliwaambia jana, wote wawili wakiwa mezani. Nilisema kama ulivyoandika: kuchelewa kwenye maji, jua, kona, begani mara mbili, "Polepole, kaka," na kicheko. Nilisema pia kwamba hukumu bado, na kwamba wakitaka barua yao irudi, ni haki yao. Kisha nikasema nitafunga sanduku langu.

Baba aliinuka akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo. Akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Akasema bila kugeuka, "Barua ibaki." Akachukua begi lake la spana akaenda kazini, ingawa ilikuwa Jumapili.

Mama mwenyeji hakulia wala hakuniambia niondoke, wala hakuniambia nibaki. Alikuwa amejishika bega. Akaniuliza, "Alimpiga kwa kiganja au kwa ngumi?" Nikasema sijui.

"Bega lipi?"

Nikasema sijui.

"Muulize," akasema. "Ninajaribu kumwona na siwezi, mpaka nijue alinyoosha mkono upi."

Leo asubuhi amenunua stempu mwenyewe, akaniwekea mezani. Tafadhali, Mama, muulize kaka. Bega lipi.

Mwanao,
Kasuku