Sauti Uliyoificha Kibanjani

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Sijui kama salamu hufika huko, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Jana nilishindwa kufundisha. Hapa Kishanda, Muleba, sasa ni kijiji cha ujamaa, nami nimepewa darasa la kisomo cha watu wazima, alasiri, watu wakitoka shamba la pamoja. Niliandika ubaoni pa, ta, ka. Bibi mmoja akazisoma kwa nguvu, na mimi nikaketi chini nikalia. Wakadhani nina mimba.

Silabi hizo zilikuwa zetu wawili. Madaktari walipokutoa zoloto, kile kisanduku cha sauti cha kooni, kule Kampala, ulirudi Kashozi bila sauti, na tundu shingoni, na karatasi ya mazoezi iliyoandikwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa nimekisoma shuleni, basi nikawa mwalimu wako. Tulianza na mabega: juu, nyuma, chini, ili shingo isikakamae. Kisha kugeuza kichwa taratibu, kitambaa kimefunika tundu vumbi lisiingie. Kisha kazi yenyewe: kumeza hewa kidogo na kuirudisha kabla haijashuka tumboni, itoke na neno. Pa. Ta. Ka. Wewe, balozi wa nyumba kumi, uliyekuwa ukinyamazisha mkutano mzima kwa kukohoa tu, ukawa unacheua kama mtoto aliyeshiba. Tulicheka sana. Kicheko chako hakikuwa na sauti tena, mabega tu yalitikisika.

Miezi mingi ulijizoeza sentensi moja. "Binti yangu nimempa." Kwetu mshenga akimaliza kuposa, baba wa binti ndiye anayejibu, kwa kinywa chake, ndipo akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, izungushwe na watu watafune. Ulitaka kujibu mwenyewe. Nilikusahihisha kila siku, nikijua ni ya nini.

Halafu wakwe walipofika, niliona haya. Nalisema wazi, Tata. Haikuwa huruma. Niliwaza jinsi watakavyotazamana wakiisikia sauti ile, na vibuyu vyao vya rubisi, pombe ya ndizi, mbele yao. Nikamvuta baba mdogo pembeni nikamwambia, "Tata amechoka, jibu wewe." Akajibu. Wewe ulikuwa umeshameza hewa, nilikiona kifua chako. Ukafunga mdomo, ukawapitishia kahawa kwa mkono wako, ukatabasamu. Lile tabasamu sijalielewa mpaka leo.

Tangu siku ile hatukufanya tena mazoezi. Nilikuletea karatasi, ukaikunja, ukanirudishia mkononi. Nikajiambia umekata tamaa. Nikaolewa, nikaja huku Muleba. Ukafa.

Sasa sikia alichoniambia Mama baada ya matanga. Kumbe hukuacha. Kila asubuhi ulikuwa ukiingia kibanjani, nyuma kabisa kwenye migomba, ukifanya mabega, ukimeza hewa, ukisema. Wewe na Mama mlizungumza mengi, hata mligombana. Nikija mimi kuwatembelea, unanyamaza na kuandika kwenye kibao.

Uliniadhibu? Au ulinikinga nisione haya tena? Nikishika la kwanza, nakukasirikia, maana ungenigombeza tu yakaisha. Nikishika la pili, najikasirikia mwenyewe. Siku nyingine nayashika yote mawili. Nilimuuliza Mama, akasema, "Mwanangu, hilo ungemuuliza mwenyewe." Ningekuuliza lini, Tata, na mimi nilidhani huna sauti ya kunijibu?

Na kuna mume wangu. Mpaka leo anaamini hukumtaka, kwamba ndiyo sababu ulimwachia mdogo wako kujibu. Tukija Kashozi hupalilia kaburi lako bila kuambiwa, taratibu, kama mtu anayetaka kukubaliwa. Nimemwacha aamini hivyo miaka yote hii, kwa kuwa ukweli unaniumbua.

Kesho asubuhi, kabla hajaenda shambani, nitamwambia. Nitamwambia ulikuwa na jibu, ulilifanyia kazi miezi mingi kwa ajili yake, na mimi ndiye niliyelizuia. Sijui atanitazamaje. Naogopa, lakini nitamwambia.

Pumzika, Tata. Hili nimekuahidi, na nikija huko bila kulitimiza, usiniitikie.

Mimi binti yako