Nitue Kwanza

Mama yangu uliyelala kaburini Nakivale,

Unakumbuka siku mama Zawadi alipokusimamisha njiani, bidoni ya maji ikiwa kichwani mwako, akikufokea eti mbuzi wetu kamaliza maharage yake? Mimi damu ilichemka, nikataka kumrudishia maneno. Wewe ulisema polepole: "Unanivamia, mama Zawadi. Nitue kwanza, kisha tugombane." Loo, akakutua! Mkakaa chini nyote wawili, na ugomvi ukaisha nguvu.

Tulipofika nyumbani ukanieleza. Kuvamia si lazima ngumi wala kelele. Ni kumusimamia mutu mbele wakati hana fasi ya kugeukia. "Hata salamu, binti yangu, inaweza kuvamia."

Mama, nyumba imekuwa kubwa. Bahati, kitinda mimba wako, aliporudi kutoka kuchunga ng'ombe Endiinzi, alikuta tumeshakuzika. Hakuketi hata kidogo. Alitazama udongo, akaondoka, na simu zangu hapokei. Napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Sikufichi, upweke unaniuma.

Juzi jirani aliniambia amemwona Bahati mjini Mbarara, anabeba ndizi sokoni. "Umuvamie pale pale mbele ya batu, atasikia haya, atarudi." Rahisi kwake kusema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nilipanda gari nikaenda. Nikamwona, mama! Amekonda, mkungu wa ndizi begani, anapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote. Jina lake lilinifika mdomoni, nikalimeza. Ningeliita, angesimama wapi na mzigo ule? Nikamfuata taratibu. Nilijua amenitambua, maana alikaza shingo vilevile kama utotoni ulipokuwa unamwita akaoge. Niliogopa sana. Akikimbia tena, sina ndugu mwingine duniani.

Alipofika kwenye lori, nilisogea ubavuni kwake. Yote niliyopanga kusema yalinitoka akilini. Nikanyoosha mikono.

"Nikutue?"

Hakunitazama.

Lakini alikunja magoti kidogo, mama, nipate kuufikia mkungu.

Pumzika sasa.

Ni mimi, dada yake Bahati.