Mgebuka Ndani ya Mkate

Kwako mke mwenzangu Mwamvua,

Miaka miwili! Tangu tumzike mume wetu, babu yako, hujakanyaga Ujiji. Hata yule kuku wetu mwenye kilema alipotea akarudi. Wewe uko Dodoma unanitumia vitenge kama vile mimi nimefungua duka, na nikipiga simu ni "Bibi, kazi nyingi." Shikamoo ya kwenye simu nimeichoka. Nataka ya hapa mlangoni, nikuone umekonda au umenenepa.

Anayeandika ni mama yako mdogo Zaituni. Mimi nasema, yeye anaandika, maana shule nilikuwa napita nje yake tu, ndoo ya dagaa kichwani. Nimemkataza kuremba. Ninavyosema ndivyo aandike.

Sasa sikia. Kule Gungu wamefungua mgahawa wa baga. Zaituni akanipakia kwenye bajaji, tukaenda. Sikufichi, nilikwenda kutafuta kasoro. Nilitoka nyumbani na maneno yangu yote tayari mdomoni.

Kasoro nikaikosa. Sakafu yao safi, ungeweza kuchagulia mchele pale chini. Viti tu ndivyo virefu, miguu yangu ikawa inaning'inia kama ya mtoto anayesubiri sindano. Mwenye mgahawa anaitwa Dafroza, binti wa rika lako, wazazi wake ni wale Warundi waliohamia huku zamani. Anapika mwenyewe, na jiko halina ukuta, unamwona. Mwamvua, yule mtoto ana mikono! Anamshika mgebuka, samaki wetu wa ziwani, anautoa uti wa mgongo mzima mzima kama anayevuta uzi kwenye nguo. Anampaka ndimu na pilipili, anamkaanga kwa mawese mpaka pembeni anakauka vizuri, anamlaza ndani ya mkate aliouoka asubuhi ile ile. Juu kachumbari. Basi.

Nikauma. Nikauma tena. Zaituni anasema hajawahi kuniona nakula bila kutoa kasoro tangu azaliwe, na hilo ameliandika haraka kuliko yote.

Kisha nikafanya aibu yangu. Nilimwita mhudumu.

"Mwanangu, kichwa cha samaki wangu kiko wapi?"

"Bibi, baga haina kichwa."

"Kwani samaki huyu alizaliwa hivyo?"

Meza ya jirani wakacheka. Dafroza akatoka jikoni anajifuta mikono. "Shikamoo, Bibi." Nikamwambia, "Marahaba, ila umenificha kichwa." Hakubisha. Alirudi jikoni, akaja na kichwa amekikaanga, kwenye kisahani, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili. "Vichwa huwa naweka vya supu, Bibi. Hiki chako."

Nikashindwa kukila.

Unajua kwetu kichwa cha samaki hakiombwi. Unasogezewa, na anayesogezewa ndiye mwenye neno pale nyumbani. Kilikuwa cha mume wetu, alipokufa kikaja kwangu. Mimi mzima nimekiomba, mbele ya watu! Na pale pale nikaikumbuka Idi ile, na wewe unakumbuka.

Ulituletea mgebuka ndani ya skonzi, hana mfupa, umetia embe bichi. Wageni wamejaa ukumbini. Ukasema, "Bibi, nataka niuze hiki." Nami nikapaza sauti, "Samaki asiye na kichwa ni chakula cha mgonjwa! Nani Ujiji atakula hiki, aliyeng'olewa meno?" Wakacheka wote. Zaituni naye alicheka, hapa anajifanya hasikii. Ukakusanya sahani moja moja, hata za ambao hawajamaliza. Wiki haikuisha, ukapanda treni.

Mume wetu, Mungu amrehemu, alikuwa amekimaliza chake na vidole amelamba. Kesho yake aliniambia, "Mama Zaituni, mtoto alikuwa na kitu." Nikamwambia ale uji wake.

Basi pale Gungu nilimwambia Dafroza nina mjukuu anayepika hivi hivi, ila yeye anatia embe bichi. Alikuwa anarudi jikoni, akasimama.

"Embe bichi? Yuko wapi huyo?"

"Dodoma, kwenye jiko la hoteli ya watu."

"Mwambie aje anifundishe, Bibi. Au aje anishinde."

Nimempenda mtoto yule. Mgahawa wake umejaa: wazee, walimu, wavuvi wa Bangwe, na meno yao yote wanayo. Ninachoumia ni kwamba nafasi ile ya jikoni ingekuwa yako, na aliyekutoa ni mimi. Nimekosea. Zaituni, liandike kubwa. NIMEKOSEA.

Sasa ukija, fanya hivi. Kwenye treni usile. Kitenge usinunue. Shuka, pitia Gungu kwanza uonje ya Dafroza, ujue unashindana na nani, ndipo uje jikoni kwangu upike ya kwako. Mgebuka nitamchagua mwenyewe, na embe majirani wanalo. Wageni wa Idi ile nitawaita wote, wakae walipokaa. Mbele yao nitakusogezea kichwa wewe. Usinirudishie sahani. Kula.

Mke mwenzako anayekungoja,
Bibi yako wa Ujiji