Sura ya Mita Tatu

Jumatatu, 6 Machi
Jenereta imegoma asubuhi nzima. Fotokopi mbili tu. Mchana komanda wa kambi ameingia studioni kwangu na walinzi wake, na matope, juu ya sakafu niliyotoka kupiga deki. Anataka sura yake, mita tatu, ionekane bandarini wakubwa wake wakija Jumapili. Nimemwambia akae nimpige picha. Hataki. Dawa yake ya vita inakataza kamera: akipigwa picha, risasi zitamwona. Ameniachia kipicha cha kitambulisho, cha kabla ya vita. Kidogo kama stempu.

Mume wangu Jules yuko kwenye kashoo yake, jela ya kambi, tangu juzi. Alikataa kuwapa pikipiki.

“Ikitoka muzuri, mama, bwana yako anarudia nyumba,” amesema komanda.

Ninamchukia.

Jumanne, 7 Machi
Nimeskani mara nne. Kazi bure. Mashine haiwezi kutoa kitu ambacho hakimo kwenye picha. Kwa nusu mita, uso ni uso. Kwa mita moja, mdomo unaanza kuvunjika. Kwa mita tatu ni miraba mitupu, kama vigae vya choo.

Nimepanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi kambini kumweleza: nusu mita, safi. Amesema nusu mita ni ya marehemu, ya kuwekwa juu ya jeneza. Bon. Nimesema basi mita tatu, lakini juu kabisa, kwenye paa la ghala la bandari, watu watazame kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa mbali miraba inashikana. Amekubali.

Nilimbebea Jules sahani ya pondu. Mlinzi ameila mbele yangu, akalamba vidole.

Ijumaa, 10 Machi
Nimechapa karatasi moja moja, nimebandika kwa gundi ya muhogo. Mgongo umekufa. Nimesimama mwisho wa uwanja kutazama: ni yeye, pua yake mbaya na yote. Nimefurahi. Nimejichukia kwa kufurahi.

Walinzi wameichukua. Nimewaambia tena: juu, juu!

Jumamosi, 11 Machi
Washenzi! Wavivu! Hawakutaka kutafuta ngazi. Wameitundika kwenye kizuizi cha barabara, usawa wa pua. Wauza samaki wanapita, wanaweka kidole: hii ni jicho ao ni sikio? Wanacheka. Nimewaomba walinzi waipandishe. Wamenisukuma.

Jumapili, 12 Machi
Wakubwa wamefika. Mmoja amecheka mbele ya watu wote, amemwamuru komanda apigwe picha mpya kesho. Komanda hakunipigia kelele. Amesogea karibu.

“Umekata sura yangu. Mimi pia ninajua kukata.”

Nimepiga magoti kwenye lami. Amenipita.

Jumatatu, 13 Machi
Amekuja. Amekaa kwenye kiti, jasho linamtiririka, anatetemeka kama kuku aliyelowa. Nimemsogelea mpaka uso umejaza kioo cha kamera. Nimepiga nyingi kuliko nilizohitaji, risasi zimwone vizuri.

Imetoka safi sana. Mita tatu, kila kinyweleo. Nimemsihi amwachie Jules. Amesema Jules iko tayari.

Jumatano, 15 Machi
Wamemshusha Jules mlangoni. Nimemjua kwa miguu yake; uso wameukata. Mtoto wetu amekimbilia kwa jirani, hajarudi.

Jumapili, 19 Machi
Mvua. Jules amekunywa uji kwa kijiko. Ameomba kioo, anyoe ndevu. Nimesema kimevunjika. Kiko juu ya kabati, nimekifunga kwa kitenge. Amesema basi nimnyoe mimi.

Nimemnyoa pale panaponyoleka.