Nyayo za Shemeji

Mwankoko, Singida

Mjomba Amosi, shikamoo.

Ndoo za utomvu wa misonobari zimefika salama kutoka huko Mafinga. Huku alizeti zimechanua, na mama anakohoa kidogo tu.

Utomvu nimeupika, nikatengeneza epoksi, ile rangi nzito ya sakafu, pamoja na dawa ya kuigandisha, nikapaka sakafu ya karakana nzima. Kabla haijakauka, shemeji Laurenti akaingia kubeba mitambo ya marehemu mume wangu, eti mjane harithi. Nilimfukuza.

Sasa sakafu ni ngumu kama jiwe, na nyayo zake zimo, kutoka mlangoni hadi kwenye mitambo. Ulisema kwenye simu nizisugue zitoke, asiaibike mbele ya kikao cha ukoo kitakachoamua urithi. Sizisugui, mjomba. Kikao kitakaa humohumo, na kiti chake nitakiweka juu ya nyayo zake.

Mpwa wako, niko hapahapa,
Severina