Betri Niliyoianika Juu ya Maharage

Jumamosi, alasiri. Asubuhi jua lilikuwa kali, sasa Kibondo yote imetanda mawingu na mvua haiji. Niko kwenye benchi la hospitali. Naandika kwa simu ya mama.

Amosi, mdogo wangu wa pekee, ana miaka miwili. Amemeza betri. Mimi ndiye niliyeiweka pale.

Mizani ndogo anayopimia mama dagaa sokoni ilizima jana. Betri yake ni ile bapa, ya volti tatu, pana kama sarafu. Kwetu betri ikichoka haitupwi. Bibi huanika za redio juani, redio ikaongea siku mbili zaidi. Basi nami nikaiweka kwenye ungo, juu ya maharage, nikaenda kuosha vyombo. Narudi saa nne, maharage yapo, Amosi yupo anadondosha mate, betri haipo.

Naona aibu kuandika hili. Sikumwita mtu.

Nilipekua ungo punje kwa punje, huku naona ubao wa fizikia kichwani: metali mbili, majimaji yenye chumvi katikati, mkondo unapita. Mate yana chumvi. Betri iliyoshindwa kuwasha mizani bado ina umeme, na umeme huo hugeuza mate kuwa makali kama kostiki ya kutengenezea sabuni. Nikapiga hesabu kwa kijiti kwenye vumbi. Ikiwa mpya ina miliampea-saa mia mbili. Tuseme imebaki robo, hamsini. Ikitoa miliampea tano, hamsini gawa kwa tano ni masaa kumi. Mwalimu alisema mawili yanatosha kutoboa koo.

Saa nne na nusu nikamwambia mama. Nikasema amemeza sasa hivi.

"Hiyo imekufa, mwana wanje, mwanangu," bibi akasema kwa Kiha. "Itamfanya nini? Ataitoa chooni."

"Haijafa, bibi."

Sijawahi kumbishia bibi. Haya yote shuleni nayajua kwa Kiingereza, kwa Kiha sikujua nianzie wapi.

Mama alikuwa ameshampigia nesi. Nesi akasema msimtapishe, mpeni kijiko cha asali kila dakika kumi, mje mbio. Tukapanda bodaboda, mama na kopo la asali mkononi. Kwenye mashimo ilimwagika.

"Mama, sasa mnanilisha mimi shingoni," dereva akasema. Hakuna aliyecheka. Akaongeza mwendo.

Kwenye eksirei tuliona duara jeupe, kooni.

"Amemeza saa ngapi?" daktari akauliza.

"Saa nne na nusu," mama akajibu haraka. Ni saa niliyompa mimi.

Mimi huogopa hata kuitika jina langu darasani. Nikasema, watu wote wakisikia, "Si kweli. Ni saa nne, labda kabla. Nilinyamaza nusu saa."

Daktari hakunitazama. Aligeuka akawaambia wenzake wasisubiri, wamwingize chumba cha upasuaji sasa. Aliyenitazama ni mama.

Mlango bado umefungwa.

Mama amekaa mwisho ule wa benchi. Nimesogea mara mbili, kidogo kidogo. Hajanifukuza, wala hajageuka.

Kesho nikiamka, nitakuwa dada wa nani?